Shajara ya mradi: njia, vyoo na doria msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, Januari hadi Juni 2025

11 Januari

Leo tumeanza rasmi. Kwa asiyeujua, huu ni msitu wa vilima vya Kisarawe, ukitoka Gongo la Mboto unapita Pugu unapanda kidogo umefika, yaani ni msitu wa asili ulioko mlangoni kwa jiji zima la Dar na hapo hapo ndo uzuri wake na balaa lake. Zamani ilikuwa misitu miwili, Pugu na Kazimzumbwi, siku hizi imeunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Sisi ni kikundi cha kujitolea, watu 14, nusu tunatoka Dar nusu ni vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu. Mamlaka yote ni ya TFS, sisi tumepewa kusaidia mambo matatu tu: njia za miguu, vyoo na sehemu za wageni kukaa, na kuwa macho ya ziada kwenye doria.

Kazi ya leo ilikuwa kutembea na GPS pembeni ya mpaka kwenye upande wetu kuhesabu njia zote zinazoingia. Tumepata 23. Za wageni ni nne. Hizo nyingine 19 hazina kibao wala hazipo kwenye ramani yoyote lakini ni ngumu kwa kukanyagwa, zinang'aa. Kijana mmoja wa kijijini alinionyesha kitu ambacho mimi peke yangu ningepita nacho tu, kwamba matawi yamefyekwa kwa panga mpaka usawa wa kifua cha mtu lakini juu yamebaki, akasema kaka hii ni njia ya baiskeli ya mkaa, mtu anasukuma hapandi, anahitaji upana wa magunia hahitaji urefu. Tukaangalia chini kweli, vumbi jeusi pande zote mbili, na vipande vya kamba ya manila.

Nimerudi nyumbani nikiwaza hiyo 4 kwa 19 usiku kucha.

25 Januari

Wiki hii serikali imetangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, kule Biharamulo, Kagera, ni mara ya pili baada ya ile ya Bukoba 2023. Biharamulo ni mbali na hapa lakini imetulazimisha kuamua jambo tulilokuwa tunalizungukazunguka, la mahandaki.

Humu msituni kuna mahandaki yaliyobaki na uchimbaji wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe wa vyungu na kauri, na ndani kuna popo wengi sana, jioni wakitoka ni kama moshi. Kila mgeni anayekuja anataka mapango, ndivyo wanavyoyaita haya mahandaki, na wapo wanaoingia ndani kabisa na tochi wanapiga kelele ili popo waruke wachukue video. Sasa virusi vya Marburg mwenyeji wake anayejulikana ni popo wala matunda wa Misri, wale wanaopenda kulala kwenye mapango na migodi, na milipuko kadhaa huko Uganda na Kongo ilianzia kwa watu waliokuwa wanaingia migodini. Sisemi popo wa hapa wana ugonjwa, sina ushahidi huo na sitaki mtu aende kuwachoma moto. Ninachosema ni kwamba huna sababu ya kupumua vumbi la kinyesi cha popo kwenye shimo lisilo na hewa ambalo hata dari lake hujui lini litashuka, na popo nao wakishtuliwa wakiwa na watoto wanawadondosha, na wapo popo wanaochavusha na kusambaza mbegu za miti.

Tumekubaliana na mhifadhi: mgeni anafika mdomoni, anasimama kwenye uzio wa mbao, jioni anaangalia popo wakitoka, ndani haingii mtu. Uzio tunajenga wenyewe, mbao za mjohoro uliopandwa nje ya msitu, hatugusi mti wa ndani.

8 Februari

Choo. Watu wanadhani choo ni jambo dogo kwenye uhifadhi, mimi nimeshafika mahali naona choo ni kitu cha kwanza kabisa, kwa sababu mgeni akikosa choo anaingia kichakani, wa pili anafuata, baada ya mwezi kuna kinjia kipya na makaratasi, na kinjia kipya kikishakuwepo mwenye baiskeli anakitumia usiku. Nimekiona kwa macho yangu nyuma ya sehemu ya kupumzikia, kinjia cha haja ndogo kimeungana na njia ya mkaa kama mita 60 tu.

Tumemuweka fundi, vyoo viwili vya kumwaga maji, shimo la kwanza la kutulia uchafu na shimo la pili la kunywesha maji ardhini. Nilimuuliza kama amepima udongo akasema amejenga vyoo vingi Dar hakuna shida. Nikaandika hapa nisisahau kwamba niliuliza.

22 Februari

Doria ya leo ilianza saa kumi alfajiri na askari wawili wa TFS. Hawa siku hizi ni jeshi usu, wana magwanda na vyeo, na kwa kweli nidhamu yao porini inatufundisha sana, hakuna kuongea, hakuna tochi ya simu, hakuna marashi.

Kitu kizuri kwanza. Kabla ya kupambazuka tulisikia komba. Wapo wa aina kadhaa hapa lakini yule anayetajwa zaidi ni komba mdogo wa Rondo, jina limetoka uwanda wa Rondo kule Lindi, mkia wake ni kama burashi ya kuoshea chupa, na duniani kote anapatikana kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, hapa ikiwemo. Siwezi kuapa tuliyemsikia ni yeye ila askari mmoja alisimama akanyoosha kidole juu na sote tukasimama, na mtoto wa Gongo la Mboto kama mimi nimekaa miaka yote hiyo kilomita chache kutoka kwa mnyama huyu bila kujua kama yupo.

Halafu tukanusa moshi. Tanuru la mkaa likiwa changa moshi wake ni mweupe mzito unatambaa chini, likikaribia kuiva moshi unakuwa mwembamba wa bluu, hivyo ukijua kuangalia unajua mwenyewe yuko karibu kiasi gani kwa sababu siku za mwisho haliachwi peke yake, likipata hewa linawaka lote. Hili lilikuwa la bluu. Mwenyewe alikuwepo, mzee wa makamo, hakukimbia. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, askari wakamweleza kosa lake.

Nieleze kidogo sheria maana kwenye grupu letu la WhatsApp watu wanachanganya. Sheria ya Misitu ni namba 14 ya mwaka 2002. Ndani ya hifadhi kukata, kuchoma mkaa, kulima, kuchunga bila kibali ni kosa, na vifaa vilivyotumika vinaweza kukamatwa pia. Mtu akikiri kwa maandishi sheria inaruhusu alipe na suala liishe bila mahakama, akikataa faili linafunguliwa. Sisi watu wa kujitolea HATUKAMATI MTU, hatupekui, hatushiki gunia, tunachukua picha na namba za GPS na kupiga simu basi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mwenzetu mmoja leo alitaka kuanza kubomoa tanuru kwa jembe kwa hasira na askari akamzuia. Kwanza ni hatari, mkaa wa moto ukifunuliwa unalipuka moto na kiangazi hiki majani yote makavu. Pili umeharibu ushahidi.

Mzee alisema neno moja tu ambalo limebaki na mimi, wanangu huu mkaa unaishia kwenu huko mjini, mimi nyumbani kwangu tunapikia kuni.

15 Machi

Ramadhani, kazi ni za asubuhi tu. Tumemaliza mikingamaji kwenye njia ya kupanda kilimani. Njia ya zamani ilikuwa imechorwa moja kwa moja kutoka chini mpaka juu kama ngazi, mvua ikinyesha njia ndo mtaro. Tumeipindisha ikatize mteremko, na kila hatua kama 20 tumelaza mawe kwa mshazari yanayotupa maji upande wa bondeni, na njia yenyewe tumeiinamisha kidogo kuelekea nje. Kazi ngumu siyo kuchimba, kazi ngumu ni kuifunga ile ya zamani, maana mtu akiona njia fupi anaikata. Tumejaza matawi makavu mwanzo na mwisho pale inapoonekana kwa macho, ukishindwa kuiona hauikati.

31 Machi, Iddi

Sijawahi kuona watu wengi hivi. Familia nzima nzima, sufuria za pilau, watoto wamevaa nguo mpya, na niseme ukweli nilifurahi mpaka nikatokwa machozi, kwa sababu msitu huu kwa watu wengi wa Dar ulikuwa sehemu ya kuogopwa, sehemu ya kutupwa, leo bibi mmoja kakaa kwenye benchi letu anamwonyesha mjukuu wake kima.

Malipo getini ni kwa kontrol namba na hapo ndo foleni ilipokuwa, mtandao unasumbua watu wakiwa wengi. Hili tunaweza kulisaidia, wiki ijayo tunaanza kuwaambia viongozi wa makundi waombe namba na kulipa siku moja kabla.

Yaliyotusumbua: kundi moja lilikuja na spika kubwa na jenereta, tukawaomba wazime, walizima baada ya mhifadhi kufika. Bodaboda mbili zilikatiza njia ya miguu kwenye watoto. Kuni za nyama choma, walikuwa wameshaanza kuvunja matawi, tukawapa jiko letu na sehemu iliyofyekwa. Taka magunia 7, nyingi chupa za maji. Mifuko ya plastiki karibu hamna, ile marufuku ya Juni 2019 kwa hapa naiona imeshika, ila chupa ni vilio.

Na kule kwenye uzio wa mapango alisimama binti wa kijijini, mwanakikundi wetu, masaa sita anaeleza habari za popo. Hakuna aliyeruka uzio. Kibao peke yake kisingefanya hiyo kazi.

12 Aprili

Masika imeshuka. Mikingamaji inafanya kazi isipokuwa sehemu mbili.

Choo kimejaa. Shimo la kunywesha halinyweshi, maji yamesimama mpaka juu na yanarudi kwenye mabomba. Udongo wa vilima hivi una kaolini, mvua ikiujaza haunyonyi maji, na hili lingejulikana kwa jaribio la saa chache: unachimba kashimo, unakajaza maji usiku kulowesha udongo, asubuhi unajaza tena unapima na rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Tulifanya jana, yalishuka upana wa kidole kimoja tu kwa saa nzima. Fundi hapokei simu. Michango ya watu imelala kwenye lile shimo na inaniuma sana kwa sababu kuna watu walichanga elfu mbili mbili.

Tumefunga vyoo, tumeweka turubai na choo cha muda.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Mvua, wageni wachache, ila usiku wa kuamkia jana kulikuwa na kundi la maombi lililotaka kukesha msituni. Hili ni gumu kwangu. Watu wanakuja kusali humu miaka mingi, wengine kwa dini zao wengine kwa mambo ya mizimu, na kuna wazee wanaochimba dawa ambao wanaujua msitu kuliko sisi wote. Siwezi kumwambia mtu msitu ni wa mgeni mwenye baiskeli ya michezo ya milioni mbili tu. Lakini mishumaa usiku, na watu kutawanyika gizani huku doria inaendelea, askari atamjuaje mwombaji na mchoma mkaa? Tulichokubaliana na mchungaji wao pamoja na mhifadhi ni eneo moja la wazi karibu na geti, kibali cha maandishi, idadi ya watu inajulikana, hakuna moto. Wamekubali vizuri tu. Wenye dawa bado, tunaomba kikao na wazee kupitia mwenyekiti wa kijiji.

10 Mei

Somo la ushahidi. Afisa mmoja mstaafu alikuja kutufundisha kwa nini kesi za misitu zinakufa. Siyo hakimu, anasema, ni karatasi. Magunia yamekamatwa matano, kwenye hati yameandikwa "magunia kadhaa". Hakuna sahihi ya mtuhumiwa, hakuna shahidi huru kama mwenyekiti wa kitongoji. Mahali pameandikwa "msituni", wakili anauliza msitu gani, ndani ya mpaka au nje, mtu akisema nilichomea shambani kwangu utampinga na nini? Hivyo sasa kila picha yetu inapigwa na simu iliyowashwa GPS, picha tatu, ya mbali, ya karibu, na moja inayoonyesha kigingi cha mpaka kilicho karibu. Na vigingi vyenyewe vingi vimefunikwa na majani kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni kuvisafisha na kuvipaka rangi nyeupe. Kusafisha kigingi hakupendezi kwenye picha ila nimeelewa sasa kwamba kigingi kimoja kinaweza kushinda kesi.

17 Mei

Hili nimelikalia wiki mbili kabla ya kuliandika.

Mama anayepika chakula pale getini, tunayemuita mama wetu na anatulisha kwa bei ya huruma, anapikia mkaa. Nilimuuliza taratibu mama huu mkaa unanunua wapi, akasema mwanangu unaletwa alfajiri na baiskeli, bei rahisi. Alisema bila kuficha wala hakujua kama kuna cha kuficha. Kwa hiyo miezi minne tunafanya doria ya kuzuia mkaa halafu saa saba tunakula wali uliopikwa na mkaa ule ule.

Hatukumlaumu, tungemlaumu kwa lipi? Serikali yenyewe imeanza na taasisi, zile zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa tangu Januari 2024, na mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Mei mwaka huo unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ila mama ntilie hapati barua. Tukakaa naye tukapiga hesabu yake kwenye daftari. Chai, chapati, wali, mboga, vyote gesi inamlipa vizuri, shida ni maharage na makande, anasema maharage kwenye gesi yanakula hela huku unaona. Mwenzetu mmoja akaleta sufuria ya presha ya nyumbani kwao, maharage yakalowekwa usiku kucha, yakaiva kabla hajamaliza kukuna nazi. Alikaa kimya kidogo akasema bas leteni hilo jiko.

Mtungi wa kwanza na sufuria tumechangia, kujaza ni juu yake. Wiki ya kwanza alirudi kwenye mkaa siku mbili kwa sababu gesi iliisha ghafla usiku, sasa tuna mtungi mdogo wa akiba.

Nimeukumbuka msitu wa Karura wa Nairobi nilikopita 2023. Pale watu wanakumbuka zaidi Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa wakijaribu kupanda miti kuzuia msitu usigawanywe viwanja, na ni haki kukumbuka. Lakini nilichokaa kukitazama mimi ni hali ya sasa: zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, uzio, mageti, vyoo vinavyofanya kazi, skauti waliotoka kwenye mitaa jirani, na wanawake wanakimbia peke yao saa kumi na mbili asubuhi mahali ambapo zamani mtu alikuwa haingii. Na nikamuuliza skauti mmoja mkaa je, akanijibu atapitia wapi, kila njia ina watu.

7 Juni, Iddi

Safari hii tulijipanga. Makundi mengi yalilipa jana yake, geti halikukwama. Bodaboda zimewekewa nguzo mbili za zege mwanzoni mwa kila njia ya miguu, nafasi inatosha mtu na kiti cha magurudumu kinapita kwa kuzunguka pembeni kwenye geti dogo, tulipima kwanza na kiti chenyewe.

Vyoo vipya vimefunguliwa juzi. Tumeacha habari ya kunywesha ardhini, sasa ni mashimo mawili yaliyojengwa juu ya ardhi kwa bloku, hayavuji, hayamwagiwi maji, unatumia moja mpaka lijae unalifunga, unahamia la pili, la kwanza linakaa kavu zaidi ya mwaka ndo linafunguliwa. Bomba la hewa limepakwa nyeusi lipate joto livute harufu juu na lina wavu wa nzi. Kuna ngazi, na kimoja kina mteremko badala ya ngazi. Kunawa mikono ni pembeni kabisa na maji yake yanaenda kwenye migomba. Fundi huyu wa pili ni wa kijijini na alikaa nasi kwenye jaribio la udongo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Bibi wa Iddi iliyopita amerudi na wajukuu watatu.

21 Juni

Tumerudia kuhesabu njia, watu wale wale, mpaka ule ule. Kati ya zile 19, njia 11 zimeota majani. Mbili zimekuwa njia za wageni, tumeziwekea vibao na mabenchi makusudi. Sita bado zinang'aa, zote upande wa kusini ambako hatuna geti, hatuna choo wala benchi, hakuna mgeni anayefika. Na kuna mpya mbili ambazo Januari hazikuwepo, maana yake wamehama, hawajaacha.

Yule mzee wa tanuru nimekutana naye kwenye kikao cha kijiji, alikiri akalipa, sasa anauza miche ya michungwa lakini alisema wazi msimu wa kulima ukiisha hajui. Ameomba vijana wake wawili waingie kwenye kazi ya njia ya kusini kama itakuja na malipo. Tumeandika majina.

Ya kusini tunaanza Jumamosi ijayo, kutembea na kupima mteremko tu, panga haliguswi mpaka mhifadhi aidhinishe mchoro. Jaribio la udongo tunalifanya usiku wa Ijumaa, ndoo na rula nimeshaviweka kwenye gari.